Mfumo wa Jibu la Kwanza

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yako, usijisumbue kuitafuta. Na ukidhani umeitambua, hilo ni lako na nafsi yako, mimi simo. Ilikuwa na bendera, wimbo, mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba, na mto mmoja mkubwa uitwao Mwerua, ulioshuka kutoka milimani, ukapita kwenye mashamba ya watu, ukaukata mji mkuu katikati, ukaenda zake. Watu wake tulikuwa (naam, tulikuwa, maana na mimi ni wa huko huko) watu wenye adabu kupita kiasi. Mtu wa kwetu ukimuuliza habari, atasema nzuri. Nyumba inaungua, nzuri. Ameumwa na nyoka na mguu umeshavimba, nzuri. Mengine huja baadaye, baada ya "ila". Habari za nyumbani? Nzuri tu, ila ng'ombe wamekufa wote. Ndivyo tulivyolelewa, na hatukuona kosa, kwa sababu muulizaji naye alijua kwamba jibu la kwanza ni salamu, na habari yenyewe iko nyuma inakuja.

Sasa basi, palikuwa na Daktari Mbonea Sekiondo, Mkurugenzi wa Mtiririko wa Kila Siku katika Wizara ya Maji na Mambo Yanayofanana na Maji. Kazi ya idara yake ilikuwa moja tu: kujua kila asubuhi maji ya Mwerua yamefika wapi. Kuanzia milimani hadi mjini zilisimikwa nguzo za chuma zenye namba kama rula, na kila nguzo ilikuwa na msomaji wake, mtu wa kijiji hicho, aliyepewa simu, kofia na cheo. Msomaji alitakiwa kushuka mtoni kukipambazuka, aangalie maji yamegusa namba gani, kisha apige simu makao makuu.

Zamani simu hizo zilikuwa balaa. Msomaji aliulizwa habari za kuamka, za watoto, za mifugo, za yule shangazi aliyekuwa anaumwa tumbo, na yeye akauliza za mjini, na ilipofika zamu ya mto, jua lilikuwa utosini na msomaji wa kituo cha pili alikuwa bado anasubiri. Wafadhili walikuja na saa zao mikononi, wakasikiliza, wakaguna. Ndipo Mbonea, ambaye alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na shahada moja na makoti mawili, alipobuni kitu kilichompa jina. Alikiita Mfumo wa Jibu la Kwanza. Mpokea simu atauliza swali moja, "Habari za mto?", na mtambo utachukua jibu la kwanza na kukata simu papo hapo. Porojo kwisha.

Kazi iliyokuwa ikila nusu siku ikawa inamalizika kabla chai haijapoa. Wafadhili walipiga makofi. Mbonea akavishwa nishani, akapelekwa kwenye mkutano wa nchi ya baridi, akasimama mbele ya watu wa mataifa na kuwaonyesha mchoro wa mto Mwerua, mstari ulionyooka kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Mjumbe mmoja alinyanyua mkono kuuliza inakuwaje mto usipande wala kushuka. Mbonea alitabasamu kwa huruma, akamjibu kwamba hayo ndiyo matunda ya usimamizi bora. Baadaye, alipokuwa na akili zake timamu, alikuwa akilikumbuka jibu hilo akiwa bafuni na kujikuta anajifunika uso kwa taulo.

Lakini wakati ule aliamini. Aliamini kiasi kwamba alimhamisha mama yake mzazi, Bi Nakiete, kutoka nyumba ya zamani ya mlimani, akamjengea nyumba mpya ya bati jekundu pale Kitivo, ukingoni kabisa mwa Mwerua, hatua chache kutoka majini. Bi Nakiete alikuwa mjane, na Mbonea ndiye mwanawe pekee. Mama alisema nyumba ni nzuri, ila mto uko karibu. Mbonea akamwambia kwamba idara nzima inaulinda mto huo kila asubuhi, na kwamba hakuna mwanamke katika nchi hii anayelala salama kuliko yeye. Mama hakutaka kumwaibisha mtoto mbele ya mafundi. Akaingia ndani, akatandika kitanda.

*

Mwaka huo masika yalikuja kwa nguvu. Mvua ilinyesha milimani usiku na mchana, na watu wa mji mkuu walikaa wakingoja mto uje na maji yake ya tope kama ilivyo ada. Mto haukuja. Ulipungua. Ulipungua hadi watu wakavuka na viatu vyao miguuni, hadi samaki wakaokotwa kwa mabeseni, hadi waliokuwa wakifua nguo darajani wakapanda juu kwa hasira na ndoo zao tupu, wakaenda wizarani kuuliza.

Mbonea aliwapokea vizuri, akawaonyesha takwimu. Vituo vyote, kuanzia cha juu kabisa, vilikuwa vimesema nzuri asubuhi hiyo hiyo. Mama mmoja akasema yeye ametoka mtoni sasa hivi na mto haupo. Mbonea akamweleza kwa upole kwamba macho ya mtu mmoja hayawezi kushindana na mtandao wa vituo, na kwamba alichokiona pale darajani ni sehemu ya mto tu, si mto. Walimshukuru, kwa kuwa sisi hushukuru, wakarudi nyumbani bila maji.

Jioni mama yake alimpigia simu. Mbonea alikuwa akiandaa hotuba, maana sherehe za Siku ya Mto zilikuwa zimekaribia na Waziri alitaka aandikiwe na msomi. Akaipokea simu kwa mkono mmoja, akamwamkia mama, akamuuliza habari za huko.

"Nzuri, mwanangu," alisema Bi Nakiete. "Ila huu mto..."

Mbonea alikuwa ameshakata. Hakukusudia, masikini. Mkono tu ulikuwa umezoea. Asichokijua ni kwamba mama alitaka kumuuliza kwa nini mto umekauka katikati ya masika, jambo ambalo hajaliona tangu azaliwe, na kama ni sawa yeye kupanda mchicha katikati ya mto kama majirani walivyoanza kufanya. Kwa kuwa hakujibiwa, akapanda.

*

Wiki tatu baadaye Mbonea alifunga safari kwenda Kituo cha Kwanza, kule juu milimani, na msidhani alikwenda kuchunguza. Alikwenda kupigwa picha. Wizara ilikuwa inatengeneza kalenda, na mwezi wa kwanza wa kalenda ulimhitaji Mkurugenzi akiwa amesimama kando ya nguzo ya kwanza, buti mpya miguuni, akitazama mbali. Alipanda gari la wizara pamoja na dereva na mpiga picha, wakapanda mlima hadi masikio yakaziba.

Msomaji wa Kituo cha Kwanza aliitwa Mzee Kirumbe. Walimkuta kitandani saa nne asubuhi, blanketi hadi kidevuni, simu juu ya mto wa kulalia. Mbonea akamwamkia, mzee akaitikia marahaba, akamuuliza za mjini, akaambiwa nzuri, na mambo yakaenda kwa utaratibu hadi Mbonea alipoomba aonyeshwe nguzo.

Mzee Kirumbe alikuna kichwa. Akasema nguzo haipo. Ilichukuliwa na maji masika ya mwaka juzi.

Mbonea alidhani hajasikia sawasawa. Akauliza kwa nini makao makuu hayakuambiwa. Mzee akasema aliwaambia siku ile ile. Alisema nzuri, ila nguzo imekwenda na maji, na yule dada alikata akiwa kwenye nzuri. Kesho yake akarudia, akakatwa. Wiki nzima alikatwa. Mwishowe akajiuliza, kama wanachotaka ni nzuri peke yake, nzuri haihitaji mtu kushuka bondeni na baridi ile. Inaweza kusemwa kitandani. Tangu siku hiyo alikuwa akiisema kitandani, na hata kofia ya kazi alimpa shemeji yake. Haya yote aliyaeleza bila kuona haya hata kidogo, kisha akaongeza kwamba wenzake wa vituo vya chini nao wako hivyo hivyo, wamewahi kulizungumza kwenye harusi.

Mbonea alikaa kwenye kigoda. Alihesabu mikutano aliyohutubia, akaacha kuhesabu. Mstari wake ulionyooka, ule uliopigiwa makofi na mataifa, ulikuwa ni wazee waliolala. Hata hivyo alijikaza, akauliza kwa sauti ya kikazi, "Na leo, mzee, mto ukoje?"

"Mzuri," alisema Mzee Kirumbe.

Mbonea aliinuka aage. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kofia yake wakati mpiga picha, ambaye hakusoma ng'ambo na kwa hiyo bado alikuwa na tabia ya kungoja, alipobaki amekaa akimtazama mzee. Mzee naye akaendelea.

"Ila mlima umeporomoka. Upande mzima umeingia bondeni, umeziba. Maji yote ya mvua yamejaa nyuma ya udongo, sasa ni ziwa. Tangu jana udongo umeanza kuvuja. Ukiachia, maji yatashuka yote mara moja, na hadi kufika Kitivo hayataacha kitu."

Mpiga picha alitoka mbio kwenda kumwambia dereva awashe gari. Mbonea alibaki amesimama na kofia mkononi. Aliona bati jekundu, na mama yake ameinama akifagia kibaraza, na kwa mara ya kwanza tangu avishwe nishani alihofu hofu ya kweli.

*

Simu za mjini hazikushika mtandao upande ule wote, na ile ya Mzee Kirumbe, ya wizara, ilikuwa imefungwa kwa namba moja tu, ya makao makuu, jambo ambalo Mbonea mwenyewe alikuwa ameliidhinisha ili kuzuia matumizi mabaya. Alipiga. Ikapokewa na Mwasiti, mpokea simu, mwanamke mpole ambaye katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

Mwasiti akauliza, habari za mto?

Na Mbonea, mtu aliyekuwa na mlima mzima wa maji nyuma yake na mama yake mbele yake, mtu aliyebuni mfumo huo kwa mikono yake, akajibu, "Nzuri." Simu ikakatika.

Alijitukana. Akapiga tena. Habari za mto? Nzuri. Ikakatika. Ulimi haukumsikiliza, ulikuwa na adabu kuliko mwenye nao. Akajishika taya kwa vidole, akazungumza na kinywa chake kama anavyozungumza mtu na punda aliyegoma, akapiga mara nyingine, na swali lilipokuja, jasho likimtoka, alisukuma neno ambalo hajalitamka tangu azaliwe kama jibu la salamu.

"Mbaya."

Mwasiti akapiga ukelele, akasema pole, pole sana Daktari, na simu ikakatika. Mbonea alishusha pumzi. Alimwambia Mzee Kirumbe kwamba sasa wameelewa, kwamba mfumo, pamoja na yote, umefanya kazi. Akaingia garini, wakaanza kushuka.

Ni kweli walielewa, lakini walielewa kama tunavyoelewa sisi. Katika nchi yetu mtu anajibu "mbaya" kwa jambo moja tu, nalo ni kifo. Hata kifo chenyewe wengi huanza na nzuri. Kwa hiyo Mwasiti alikimbilia kwa wakubwa akilia kwamba Daktari amefiwa, na wakubwa wakakaa kujadili amefiwa na nani. Yeye mwenyewe hakufa, maana amepiga simu. Baba yake alikufa zamani. Mke hana. Amebaki mama. Palikuwa na kijana mmoja wa uhasibu aliyependekeza mama mwenyewe apigiwe simu aulizwe, lakini alikemewa vikali, kwani ni ufedhuli gani huo, kumpigia mtu simu kumuuliza kama amekufa?

Waziri alipopata habari aliguswa sana. Mheshimiwa Ngololo hakuwahi kukosa msiba. Alifuta mikutano yake yote, akaamuru wizara nzima iende Kitivo na maturubai, vipaza sauti, viti, masufuria na mchele.

*

Njiani, gari likiruka mashimo, dereva alifungua redio. Mtangazaji alikuwa na sauti ile ya chini wanayoitoa kabatini kwa ajili ya vifo. Alitangaza kwamba taifa limempoteza Bi Nakiete Sekiondo, mama mzazi wa Mkurugenzi wa Mtiririko wa Kila Siku.

Mbonea hakusikia yaliyofuata. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, akalia kama mtoto, bila kuficha uso. Alilia akimwambia mama yake kwamba yeye ndiye aliyemweka pale, kwamba yeye alimwambia alale, kwamba siku ile alimkatia simu naye mama alikuwa akitaka kusema neno. Mpiga picha akamshika bega, akageuza uso dirishani. Ni baada ya kona kadhaa ndipo mpiga picha alipouliza kwa sauti ndogo: kama maji bado yapo juu, mama ameuawa na nini?

Mbonea alifuta machozi. Alirudisha mambo nyuma moja moja, akafika kwenye lile neno lake, akaona kilichotokea. Alicheka, akalia, akacheka tena, dereva akapunguza mwendo kwa wasiwasi. Mama yuko hai. Kisha redio ikaendelea kueleza kwamba kwa kuwa kiwanja cha marehemu ni kidogo na umati ni mkubwa, kamati ya mazishi kwa busara zake imetumia uwanja wa wazi uliopo mbele ya nyumba, tambarare, mkavu, wenye mchanga laini, na kwamba maturubai yote yameshasimamishwa hapo.

Uwanja huo ulikuwa ni mto Mwerua.

"Ongeza mwendo," Mbonea alimwambia dereva, na dereva akaongeza.

*

Walipofika Kitivo, wizara nzima ilikuwa imekaa mtoni. Viti vya mstari wa mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe. Wapishi walikuwa wameinjika masufuria juu ya mawe ambayo miezi miwili iliyopita yalikuwa chini ya maji, na mchicha wa Bi Nakiete ulikuwa umechumwa wote kuwa mboga. Waziri alikuwa kwenye kipaza sauti akimwelezea marehemu, ambaye hajawahi kumwona, kama nguzo ya taifa na kisima cha maadili.

Marehemu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, akilia.

Alikuwa analia kwa sababu tangu mchana watu wanamwangukia shingoni kwa kwikwi na hakuna anayemwambia kafa nani. Waliomwona hai walishangaa, lakini msiba ulishaanza, viti vimeshapangwa, na hakuna aliyetaka kuwa yule anayevunja shughuli. Wakaamua kimya kimya kwamba aliyekufa lazima ni mtu wake. Bi Nakiete naye alipiga hesabu zake, na yeye mtu wake alikuwa mmoja tu.

Basi alipomwona Mbonea anakuja mbio kwenye mchanga na buti zake mpya, alisimama. Mbonea alimkumbatia, akamkumbatia tena, akanusa moshi na sabuni kwenye kanga yake, na kila mmoja akamgusa mwenzake usoni kuhakikisha.

Waziri aliendelea na hotuba kwa aya mbili zaidi, kwa kuwa zilikuwa zimeshachapwa. Halafu, akiwa mtu wa watu, akashuka jukwaani na kipaza sauti, akamwekea Mbonea mdomoni, akamuuliza mbele ya umati habari za huko atokako.

Mbonea aliutazama umati. Aliwatazama wapishi, makarani, Mwasiti na macho yake mekundu. Alijua anachotakiwa kusema. Alikuwa amekifanyia mazoezi njia nzima. Akafungua kinywa.

"Nzuri," alisema, na vipaza sauti vikaipeleka nzuri hiyo bonde zima.

Watu walipumua. Wengine walipiga makofi. Waziri alikirudisha kipaza sauti kwake na kuomba wapakue chakula. Mbonea alibaki mdomo wazi, akitamani ardhi immeze kabla maji hayajamtangulia, maana sasa alikuwa na hakika kwamba yeye ni mpumbavu kuliko wote aliowahi kuwafundisha upumbavu. Hapo ndipo mama yake, ambaye hakuwa amemwachia mkono, alipomvuta.

"Ila?" alimuuliza.

Mbonea alimgeukia. Bi Nakiete alikuwa anamtazama tu, anasubiri, kama alivyokuwa akimsubiri enzi zile anaporudi shule na shati limechanika.

"Ila mlima umeziba mto, mama, na sasa unaachia. Maji yanakuja hapa tulipo. Nyumba haitabaki."

Bi Nakiete aliitazama nyumba ya bati jekundu mara moja. Akafunga kanga kiunoni, akaokota mkeka wake, akaanza kutembea kuelekea kilimani. Hakumwambia mtu. Wala haikuhitajika, kwa kuwa kwetu mfiwa akiondoka, msiba unamfuata, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba yeye si mfiwa. Walinyanyuka mstari kwa mstari, wakapanda nyuma yake wakiimba nyimbo za maziko. Wapishi walibeba sufuria moja la wali. Waziri alichelewa kidogo, akitafuta mtu wa kumshukuru kwa niaba ya kamati, mpaka Mwasiti, yule mpole, alipomshika mkono wa koti na kumburuta.

Nusu yao walikuwa bado wanapanda waliposikia. Kwanza ilikuwa sauti tu. Kisha Mwerua ukaja wote kwa pamoja, na miti, na mawe, na udongo wa mlima, ukabeba maturubai na vitambaa vyeupe, ukabeba vipaza sauti vikiwa bado vinakoroma, ukaigonga nyumba ya Bi Nakiete ubavuni. Bati jekundu lilizunguka mara moja, likazama. Mbonea alimwambia mama yake amsamehe. Mama hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe. Alisema ana njaa, na kwamba nyumba ya mlimani bado ina kitanda.

*

Maji yalizunguka kilima pande zote, kikawa kisiwa. Watu walikuwa wamelowa, wengine viatu mguu mmoja, wenyeji wa Kitivo wakitazama pale yalipokuwa mashamba yao. Redio ndogo ya mpishi mmoja ikatangaza taarifa ya jioni ya wizara: hali ya mto Mwerua leo ni nzuri katika vituo vyote. Watu walimgeukia Mbonea. Akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi, akasema ni yeye, ndiye aliyebuni mfumo huo, na kwamba alipata nishani, na nishani yenyewe imo ndani ya gari, na gari ndilo lile linalopita pale chini. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Walimsaidia kucheka kwa muda mrefu, na baadhi walicheka kwa hasira.

Waziri aliona kwamba ni wajibu wake kusema neno la kuliliwaza taifa. Alipanda juu ya jiwe, akakaza tai iliyolowa, akausalimu umati kwa sauti yake ya mikutano.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!" tulijibu sote kwa pamoja, tukitetemeka kwa baridi, wasio na nyumba na wenye nyumba, na mimi nikiwemo.

Waziri alitabasamu, akashuka kwenye jiwe aondoke, kama alivyokuwa akiondoka siku zote akishapata jibu hilo. Alipiga hatua tatu, akasimama. Mbele yake kulikuwa na maji. Akaenda upande mwingine, maji. Akageuka pole pole, akatukuta bado tumekaa vile vile, tunamtazama.

"Ila," alianza Bi Nakiete.

Waziri akakaa chini. Nyuma ya Bi Nakiete alisimama mpishi, na nyuma ya mpishi Mwasiti, na nyuma yake mkulima wa Kitivo na mkewe, kisha wengine na wengine, hadi mstari ukakizunguka kilima. Maji yalichukua siku mbili kupungua, na hadi yalipopungua zamu yangu ilikuwa bado haijafika.